Tunaiga swingi, tunaacha kinachopeleka mpira

Sisi wacheza gofu wa ridhaa tuna tabia moja inayoniuma, tunawaiga wakubwa pale pasipo na faida na pale wanapotuzidi kweli hatuangalii kabisa. Tunaiga sura ya swingi, yani ule mzungusho wa fimbo. Mtu anajirekodi kwa simu, anaisimamisha video fimbo ikiwa juu kabisa, anachora mistari, anajiweka pembeni ya picha ya Rory McIlroy halafu anaumia roho kwa sababu kiwiko chake hakiko pale alipokiweka Rory. Wakati mpira pale chini hauna habari na kiwiko cha mtu. Mpira unakutana na uso wa fimbo kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ndani ya hapo kinachohesabika ni uso umeelekea wapi, fimbo inatoka wapi inakwenda wapi, ina kasi gani, inashuka au inapanda, na mpira umegongwa sehemu gani ya uso. Basi. Mengine yote ni njia ya kufika hapo na njia ziko nyingi sana.

Mcheki Jim Furyk. Fimbo inapanda wima kabisa, juu pale inazunguka kitanzi halafu inadondoka nyuma ya mwili ndo inakuja kwenye mpira, hakuna kocha duniani atakayemfundisha mtoto vile. Ila huyo huyo kachukua US Open 2003, na 2016 kwenye Travelers Championship akapiga mikwaju 58, raundi ndogo kuliko zote katika historia ya PGA Tour, ligi ya mapro wanaume ya Marekani. Lee Trevino alijifundisha mwenyewe, anasimama kama analenga kushoto kabisa halafu mpira anausukuma urudi kulia, na kwa staili hiyo kabeba mashindano makubwa sita, yale yenye heshima kuliko yote, na kwenye manne kati ya hayo aliyebaki nafasi ya pili ni Jack Nicklaus mwenyewe. Annika Sörenstam ndo ananifurahisha zaidi, maana ushauri wa kwanza ambao kila mtu anapewa siku ya kwanza ni "usiinue kichwa", sasa Annika kichwa chake kinageuka kuelekea anakopiga hata kabla fimbo haijagusa mpira, na ameshinda mara 72 LPGA, ligi ya mapro wanawake, mashindano makubwa kumi, na 2001 akapiga 59. Kwa hiyo ukiniambia kosa langu ni kichwa nitakuuliza kwanza mpira wangu umefanya nini.

Na hapo kwenye "mpira umefanya nini" ndo pamejaa elimu ya zamani ambayo bado inazunguka. Miaka mingi watu walifundishwa kwamba mpira unaanza kule fimbo inakoelekea kupita halafu unapinda kwenda kule uso ulikoangalia. Mashine za rada kama TrackMan zilipokuja zikaonyesha ni karibu kinyume chake, mpira unaanza kwa sehemu kubwa kule uso ulikoangalia, kwenye aironi, zile fimbo za chuma, kama robo tatu ya mwelekeo inatoka kwenye uso na kwenye draiva, ile ndefu ya kuanzia shimo, ni zaidi ya hapo, halafu kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia ya fimbo. Sasa chukua mtu mwenye slaisi, mpira unaopinda kulia, anayetumia mkono wa kulia, yani wengi wetu. Anaona mpira unakwenda kulia, anajipanga kushoto zaidi, fimbo inakata mpira kutoka nje kuja ndani zaidi ya mwanzo, uso bado uko wazi, yani umeangalia kulia, kulinganisha na hiyo njia, slaisi inazidi. Anajipanga kushoto tena. Huyu hana tatizo la bega wala nyonga, wa kwanza kuangaliwa ni uso, na uso unashikwa na mikono, maana yake gripu, jinsi unavyoshika fimbo. Mi naamini kabisa gripu ikirekebishwa vizuri nusu ya video za mafunzo mtu hazihitaji.

Ila hapa ndo kuiga wakubwa kunaleta balaa lenyewe. Ben Hogan wengi wanamchukulia kama mwalimu mkuu wa swingi na mi namheshimu kupita kiasi, mtu kagongana na basi mwezi wa pili 1949 akavunjika vibaya, mwaka uliofuata akashinda US Open pale Merion akiwa na miguu inayouma, 1953 akachukua Masters, US Open na The Open mwaka mmoja. Lakini Hogan ujana wake wote alikuwa anapigana na hook, kinyume cha slaisi, mpira unamkimbilia kushoto, na mengi aliyoyafanya kwenye gripu yake, ule mkono wa kushoto kuuzungusha upande wa kushoto, wanachoita gripu dhaifu, yalikuwa ya kuzuia uso usijifunge, yani usigeukie kushoto. Mtu mwenye slaisi anayechukua gripu ya Hogan anakunywa dawa ya ugonjwa wa mwenzake. Uso wake tayari haufungi, anauongezea kutofunga, halafu anashangaa mbona anafuata maneno ya bingwa na bado mpira uko msituni.

Kwa hiyo kabla hujabadili chochote jua unagonga wapi. Kuna njia rahisi ambayo naipenda mno, chukua ile poda ya miguu ya kupuliza, pulizia uso wa draiva uwe mweupe wote, piga mpira mmoja angalia. Utaona duara dogo limefutika. Likiwa karibu na shingo ya fimbo, ule mzunguko wa slaisi unaweza kuwa umetoka hapo hapo hata kama swingi yako ilikuwa safi, kwa sababu kichwa cha draiva kikigongwa upande wa shingo kinageuka na kuupa mpira mzunguko wa kwenda kulia, ukigonga upande wa ncha unapata kinyume, mpira unarudi kushoto. Likiwa chini kabisa ya uso mpira unatoka mfupi umejaa mzunguko wa nyuma. Futa, pulizia tena, piga. Baada ya mipira michache unaona kundi la alama zako liko wapi na hapo ndo unaanza kuongea kuhusu kusogea karibu au mbali na mpira, ti, kile kijiti cha kuwekea mpira, ipande au ishuke. Mtu aliyesimama pembeni akikuangalia mabega hawezi kukuambia hicho kitu.

Nije kwenye vifaa maana huku nako sura inatuponza. Kuna mtu alikuwa injinia General Electric anaitwa Karsten Solheim, alikuwa haputi vizuri, yani hapigi vizuri ile mikwaju mifupi ya kuingiza mpira shimoni, akaanza kujitengenezea fimbo za kuputi mwenyewe kwenye gereji, wazo lake ni kutoa uzito katikati ya kichwa na kuupeleka pembeni, kwenye kisigino na kwenye ncha, ili ukigonga vibaya kichwa kisizunguke sana. Ping Anser ikatoka 1966 na hadi leo ukiangalia fimbo za kuputi nusu yake zina umbo lile. Halafu wazo hilo hilo likaenda kwenye aironi, zile zenye shimo nyuma. Mi naona Solheim kamsaidia mchezaji wa kawaida kuliko bingwa yeyote aliyewahi kushika kombe. Halafu leo unakuta mtu ana handikapu 22, yani uwezo wake ni kuzidisha mikwaju kama 22 juu ya kiwango cha uwanja, kanunua aironi zile nyembamba za bapa kwa sababu Tiger Woods anatumia hizo! Tiger anagonga sehemu ile ile kila mara, chuma chake kimechakaa katikati tu mahali padogo kama sarafu. Wewe unagonga uso mzima. Shimo nyuma ya aironi limewekwa kwa ajili yako na hakuna aibu yoyote hapo.

Lakini watengenezaji nao kuna mahali lazima tuwaambie ukweli, nayo ni lofti, ule mlalo wa uso wa fimbo unaopimwa kwa digrii. Namba iliyochorwa chini ya aironi hailindwi na sheria yoyote. Sheria inapima vitu vingi, kichwa cha draiva kisizidi sentimita za ujazo 460, fimbo isizidi inchi 48 ukiacha ya kuputi, mpira usipungue kipenyo cha inchi 1.68, fimbo zisizidi 14 kwenye begi, lakini namba saba iwe na digrii ngapi hakuna anayeuliza. Basi zamani pitching weji, fimbo ya kupigia karibu na shimo, ilikuwa na digrii 48 mpaka 50, siku hizi kwenye seti nyingi za kusaidia wanaoanza utakuta 43 au 44, na namba saba ina lofti ambayo zamani ilikuwa ya namba tano. Mtu anajaribu, anaona namba saba yake mpya inakwenda mbali kuliko ya zamani, anatoa hela palepale. Kwa haki niseme sio ujanja mtupu, uzito wameushusha chini kwenye kichwa mpira unapanda wenyewe, kwa hiyo wasingepunguza lofti ungeruka juu mno. Shida inakuja chini ya seti. Weji yako ina 43, sendi weji uliyonunua peke yake ina 56, hapo katikati kuna digrii 13 hazina fimbo, na huo umbali ndo ule wa karibu na grini, pale penye majani mafupi na shimo lenyewe, ambao tunaukuta kila shimo la pili. Unabaki kupiga weji moja kwa nusu nguvu au nyingine kwa nguvu zote mpaka unaanguka. Halafu tunasema eti tatizo ni swingi. Ukinunua seti, uliza digrii za kila fimbo, andika, pengo likizidi sana tafuta fimbo ya kuliziba hata kama utaacha aironi namba nne nyumbani, ambayo hata hivyo huigongi.

Shafti, ule mti wa fimbo, ndo hivyo hivyo. Herufi R na S za ugumu wake hazina kipimo kimoja dunia nzima, S ya kampuni moja inaweza kuwa laini kama R ya nyingine, kwa hiyo mtu anayekuambia "mi natumia stifu" hajakuambia kitu. Pima, piga, angalia mpira.

Kuhusu mpira wenyewe kupunguzwa nguvu, maana mwisho wa 2023 USGA na R&A, wanaotunga sheria za gofu, walitangaza kipimo kikali zaidi cha umbali na makelele yakawa mengi. Wastani wa draiva PGA Tour 1980 ulikuwa yadi 257 hivi, miaka hii ni karibu 300. Viwanja vya zamani vinaisha maana, shimo lililojengwa ili upige aironi ndefu kwenda grini leo mtu anapiga weji. Wengi wa ridhaa wanataka wakubwa wawe na mpira wao na sisi tubaki na wetu, mi nakataa. Kitu kizuri kuliko vyote kwenye gofu ni kwamba wewe na Scottie Scheffler mnacheza sheria moja, mpira mmoja, na handikapu inawakutanisha. Na wenye kasi ya kawaida walishaambiwa watapoteza yadi tano au pungufu. Kuna watu wanang'ang'ania ti za nyuma kabisa, zile sehemu za kuanzia mbali zaidi, wanapoteza yadi mia nne kwa raundi bila sababu, hao hao wanalilia yadi tano!

Sheria sasa. Mabadiliko ya 2019 mi nayaunga mkono karibu yote, kudondosha mpira kutoka usawa wa goti, kutafuta mpira dakika tatu badala ya tano, kuacha bendera ndani ukiputi, kugonga mpira mara mbili kwa bahati mbaya kwenye mkwaju mmoja sio adhabu tena. Na ile ya mpira kusogea kwenye grini kwa bahati mbaya, hiyo ililipiwa na Dustin Johnson. US Open 2016 Oakmont, shimo la tano mpira wake ulisogea kidogo sana kwenye grini, refa aliyekuwa pale akasema endelea, halafu alipofika ti ya shimo la 12 wakamwambia tutaangalia video mwisho wa raundi pengine utaongezewa mkwaju. Akacheza mashimo yaliyobaki hajui yuko mbele kwa mingapi, na wanaomfukuza nao hawajui! Alishinda hata baada ya kuongezewa, na mwaka uliofuata kukaja sheria ya kiwanja inayosema mpira ukisogea kwa bahati mbaya kwenye grini unarudisha tu, hakuna adhabu. Ndivyo inavyotakiwa, sheria iangalie umefaidika nini.

Kwa kipimo hicho hicho kuna mbili zinanikera mpaka leo. Ya kwanza ni kadi. Masters 1968, Roberto De Vicenzo anatimiza miaka 45 siku hiyo hiyo ya raundi ya mwisho, shimo la 17 anapiga tatu, umati umeona, televisheni imeonyesha, mwenzake anayemwandikia kadi kaandika nne, naye akasaini bila kuona. Alipiga 65 ikabaki 66 kama ilivyoandikwa, akakosa kwa mkwaju mmoja hata nafasi ya kwenda kucheza mchujo wa kutafuta mshindi na Bob Goalby. Naelewa kwamba mchezaji ana wajibu wa kadi yake, naelewa kabisa, kwenye mashindano yetu ya mwisho wa wiki ambako hakuna kamera hiyo sheria ni ukuta unaotulinda. Lakini pale ambapo kila mkwaju umeonekana na kurekodiwa, kumpa mtu namba ambayo hakuipiga sio uadilifu wa gofu. Uadilifu ni ule wa Bobby Jones US Open 1925, fimbo yake iligusa majani mpira ukasogea, hakuna aliyeona, akajiongezea mkwaju mwenyewe, mwisho akajikuta sare na Willie Macfarlane na kwenye mchujo akapoteza. Jones aliandika alichokipiga. De Vicenzo alinyimwa alichokipiga. Watu wanaziweka hizi hadithi mbili kapu moja, sio kapu moja.

Ya pili ni tundu la divoti. Umepiga draiva safi, mpira uko katikati ya feawei, ile njia kuu ya majani mafupi, unafika unakuta umekaa ndani ya shimo alilochimba mtu wa kundi la mbele, na sheria inasema cheza ulipolala. Aliyepiga pembeni kwenye njia ya magari ya gofu anapewa nafuu bure, anasogeza mpira bila adhabu! Wanaotetea wanasema huwezi kujua divoti inaanzia wapi na inaishia wapi, ikipona nusu je. Swali ni zuri ila sio gumu kiasi hicho, kila siku tunaamua wenyewe mpira umezama ardhini au haujazama, tunaamua alama gani kwenye grini ni ya kurekebisha, mchezo mzima unatuamini tujihesabie mikwaju wenyewe, sasa ghafla kwenye divoti hatuaminiki? Ile ya mpira uliotoka nje ya mpaka angalau wameipunguza makali, kiwanja kinaruhusiwa kukuacha udondoshe karibu na pale mpira ulipotoka nje kwa adhabu ya mikwaju miwili badala ya kurudi ulikotoka, haitumiki kwenye mashindano ya juu lakini kwa raundi zetu naona iwe kila mahali, foleni zinapungua.

Nani mkubwa kuliko wote? Kwa kilele nasema Tiger Woods, 2000 hadi Masters 2001, mashindano makubwa manne mfululizo mkononi, US Open kashinda kwa mikwaju 15. Ila angalia watu wanachokumbuka, wanakumbuka nguvu. Mimi nakumbuka The Open ya 2000 pale St Andrews, uwanja una bunka 112, yale mashimo ya mchanga, Tiger kacheza raundi nne hakuingia hata moja. Hata moja! Hiyo ni kuamua kila mpira uanguke wapi kabla ya kuupiga, na hiyo mchezaji wa ridhaa anaweza kuianza kesho kwa kasi yake hiyo hiyo. Kwa urefu wa maisha ni Nicklaus, mashindano makubwa 18 na nafasi ya pili mara 19, wa mwisho kachukua Masters 1986 akiwa na miaka 46. Nicklaus alikuwa anasimama nyuma ya mpira, anachagua kitu kidogo chini hatua chache mbele, jani au alama yoyote iliyo kwenye mstari, anajipanga na hicho. Mbona hatuigi hapo? Hata kwenye kuputi, mapro kwa wastani kutoka futi nane wanaingiza nusu tu, futi ishirini kama 15 kwa mia, halafu mtu wa ridhaa akikosa futi kumi anatupa fimbo na shimo linalofuata lote limeharibika.

Na ukitaka swingi ya kuangalia, basi wanaume wenzangu wa ridhaa tuwaangalie LPGA. Mapro wanaume kasi ya draiva ni karibu maili 115 kwa saa, huko hatufiki na mwili hautakubali. Wastani wa LPGA ni kama 94 au 95, ambayo ni karibu sawa na mwanaume wa kawaida wa ridhaa. Kasi ile ile, lakini wao draiva zinakwenda yadi 250 na kitu na sisi tunaishia 220 tukijitahidi. Hizo yadi thelathini haziko kwenye misuli, ziko kwenye kugonga katikati ya uso na kuugonga mpira fimbo ikiwa imeanza kupanda badala ya kuukata kutoka juu. Anza na Inbee Park, mashindano makubwa saba na dhahabu ya Olimpiki 2016, fimbo inarudi nyuma polepole mpaka unadhani amesahau kupiga, mikono haikunjiki sana, na ikishuka uso unakuja sawa kila mara. Halafu pulizia poda kwenye draiva yako ujaribu kwa mwendo ule.